Wazazi hawakuja kuona maghorofa

Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, safu za msikiti wetu hapa Mchikichini hupata wageni. Utamwona mzee amevaa kanzu iliyokaa sandukuni muda mrefu, alama za mikunjo zingali zinaonekana, na pembeni yake kijana ambaye siku nyingine huswali na kutoka mbio. Baada ya sala kijana humleta mbele: “Katibu, huyu ni baba. Amefika jana kutoka Kigoma.” Au Lindi, au Tabora, au Pangani. Kata yetu imejaa wapangaji. Wengi tulikuja kutafuta riziki katika maduka ya Kariakoo na katika soko la mitumba la Karume, na wazazi tukawaacha nyuma.

Sisi wa kamati huwapokea wazee hao na kuwaombea dua, na kwa miaka kadhaa tulidhani tunaelewa kwa nini wanakuja. Tulielewa hasa zamu ilipofika nyumbani kwetu wenyewe. Kwa idhini ya wazazi wetu tunayaandika yaliyotokea, kwani tunaamini nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu zimo katika hali kama yetu.

Jina moja, mahali pawili

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walifariki, Allah awarehemu, na wengine waliokolewa baada ya kukaa chini ya kifusi kwa saa nyingi. Taarifa zilitaja makutano ya Mtaa wa Mchikichini na Mtaa wa Kongo. Aliye Dar es Salaam anajua kwamba Mtaa wa Mchikichini uko Kariakoo, na kata ya Mchikichini tunakoishi iko upande wa Ilala. Lakini aliye kijijini Kondoa, redio ikiwa mkononi, analijua jina moja tu: Mchikichini ndiko aliko mwanangu. Tena anajua kuwa mwanawe anaandika hesabu katika duka la vitambaa huko huko Kariakoo.

Siku ile sisi na vijana wa msikiti tulikuwa tukipeleka maji ya kunywa kwa waokoaji. Simu iliisha chaji tangu Adhuhuri, na katika msukosuko ule hakuna aliyekumbuka kuitafutia umeme. Tulipoiwasha baada ya Isha tulikuta tumetafutwa mara nyingi mno. Baba alipopokea hakusalimu. Aliuliza mara tatu, “Ni wewe?”

Majuma mawili baadaye walitupigia kutuarifu kuwa wanakuja. Ilikuwa mwanzo wa Desemba, wakati wa kupanda, ambao mkulima wa Kondoa haachi shamba lake ila kwa jambo zito. Tulipaswa kujiuliza jambo hilo ni lipi. Badala yake tuliingiwa na hofu ya mapokezi.

Ratiba ya katibu

Kazi ya ukatibu humzoesha mtu ratiba. Tulikaa, mume na mke, tukaandika ratiba ya siku sita, kila siku na mahali pake: Makumbusho ya Taifa, Boma la Kale, pantoni ya Kigamboni, Kariakoo, msikiti mkubwa wa Kinondoni uliojengwa kwa msaada wa Mfalme Mohammed VI wa Morocco, kisha ufukwe wa Coco. Tulikopa shilingi 200,000 kwa rafiki ili tukodi gari kwa siku tatu. Kila siku ilianza saa mbili asubuhi na kuisha baada ya Maghrib.

Tukiri sababu. Kwa miaka saba, tulipozungumza na watu wa Kondoa, tulikuwa tukisema “nyumbani kwetu mjini”, na wazazi walielewa kuwa tuna nyumba. Hatukutamka uongo, lakini hatukuwasahihisha. Ukweli ni kwamba tumepanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili yenye wapangaji sita, choo kimoja uani, na maji tunanunua kwa ndoo. Wakati huo tulikuwa tukidaiwa kodi ya miezi mitatu. Na bado kila mwezi tulituma nyumbani shilingi 50,000, kwa kuogopa kwamba mwezi tusiotuma maswali yatakuja. Kwa hiyo ratiba ile ilikuwa na kazi ya pili ambayo hatukuiandika: wazazi wasikae nyumbani mchana hata wakaona.

Walifika jioni kwa treni ya umeme, ambayo tangu Julai 2024 inasafirisha abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Baba alikuwa amekuja mjini mara moja tu, mwaka 1979, kwa treni ya zamani iliyotembea usiku kucha. Safari hii alisema alipomaliza nyiradi zake za jioni tayari alikuwa amefika. Mama alishuka na kikapu cha ulezi na chupa mbili za mafuta ya alizeti. Mikononi mwa baba mlikuwa na mkoba mdogo wa ngozi ambao hakumpa mtu aubebe.

Tulikokwenda

Siku mbili za kwanza zilikwenda kama tulivyopanga. Tulimwonyesha baba Boma la Kale, karibu na bandari, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1866 na 1867, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa akiuanzisha mji huu. Tulipomweleza kuwa nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya wageni wa Sultani, alifurahi kuliko tulivyotazamia. Alisema mji ulioanza kwa kujenga nyumba ya wageni umeanza vizuri.

Tulipita Mnazi Mmoja na Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Baba anayajua majina ya Bibi Titi Mohamed na Abdulwahid Sykes tangu ujanani. Tulimweleza kuwa Abdulwahid alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, na kwamba babu yake, Sykes Mbuwane, aliletwa kutoka Msumbiji akiwa askari wa Wajerumani. Tulipofika Msikiti wa Manyema tulimwambia kuwa jina hilo ni la watu waliotoka mashariki ya Kongo. Na Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kwa Kikosi cha Wapagazi cha jeshi la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baba alitikisa kichwa. “Kumbe hapa hakuna mwenyeji,” alisema. “Wote walikuja kama wewe. Sasa hao wa zamani walizikana vipi?”

Tulimjibu kwa ufupi kwamba walikuwa na vyama vya kusaidiana, tukaendelea na safari. Swali lile hatukulipa uzito wake.

Siku ya pili tulivuka kwa pantoni hadi Kigamboni. Mama ana zaidi ya miaka 60 na hakuwahi kuiona bahari. Tulidhani atashangaa ukubwa wake. Yeye aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema, akauliza kama maji yenye chumvi namna hii yanafaa kwa udhu. Tulimweleza mafundisho ya Mtume (rehema na amani za Allah zimshukie) alipoulizwa jambo hilo hilo na watu wa safari za baharini, kwamba maji ya bahari yanatwaharisha. Akachukua udhu wa Adhuhuri papo hapo, wimbi likimfuata miguuni, na tangu siku hiyo ndilo jambo analowasimulia wenzake.

Lakini tukilazimika kusema kweli, wazazi walikuwa wamechoka. Makumbusho ya Taifa yalimshinda mama nusu ya njia, akaketi kwenye benchi mpaka tulipomaliza. Jua la Desemba la Dar es Salaam si la Kondoa, kwani hapa jasho halikauki. Magoti ya baba hayakupenda kupanda na kushuka garini. Kila jioni walirudi, wakaswali, wakalala, na hatukuzungumza lolote. Na hilo, tukiri tena, lilitufaa.

Hatua za baba

Siku ya tatu ilikuwa ya Kariakoo. Tulinuia kumwonyesha mama vitambaa na kumnunulia baba kofia. Jengo la soko lenyewe, lile lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 10, 2021, lakini biashara ya mitaa inayolizunguka haikupungua. Mama alishika upindo wa khanga ya mama watoto kama mtoto anayeogopa kupotea, na wapagazi wenye mizigo vichwani walituita tuwapishe.

Baba alisimama ghafla katikati ya watu. “Nipeleke pale.”

Hatukuuliza ni wapi. Mahali pale hapakuwa katika ratiba. Tulimpeleka kwenye kona ya Mchikichini na Kongo. Alisimama kando ya barabara, akainua mikono, akawaombea waliokufa bila kuwajua majina. Kisha akauliza, “Kutoka hapa mpaka unapolala ni mbali kiasi gani?” Tulisema gari linatusubiri. Akasema hataki gari.

Basi tulitembea naye, tukashika Barabara ya Uhuru mpaka Karume, mama na mama watoto wakitangulia kwa bajaji. Kwa mwendo wake ilichukua zaidi ya nusu saa. Njia nzima alikuwa akitazama nyuma, kama mtu anayepima shamba kwa macho. Tulipofika mlangoni alisema, “Sasa nimejua. Siku nyingine wakitaja jina hilo, nitajua ni wapi na ni wapi.”

“Leo hatutoki”

Asubuhi ya siku ya nne tulikuwa tumekwisha kuvaa. Baba aliketi barazani na kikombe cha uji, akasema, “Leo hatutoki, mwanangu. Mji nimeuona. Leo nionyeshe unapoishi.”

Hatukuwa na la kujibu. Aliiona nyumba mchana kweupe: foleni ya ndoo, choo kimoja, watoto wetu wanavyolala kwa jirani ili yeye na mama wapate chumba. Mama alikuwa tayari uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele pamoja na wapangaji wenzetu, na katika muda wa saa moja alikuwa amejua mambo ambayo sisi hatukuyajua kwa miaka miwili: nani ana sukari, nani amefiwa, nani mumewe yuko safarini. Ni yeye aliyesikia habari ya kodi. Jirani aliitaja bila nia mbaya, akidhani wazazi wanajua.

Baba hakukasirika. Aliuliza tu, “Hizo elfu hamsini ulikuwa ukizitoa wapi?” Tulipokiri kuwa miezi mingine tulikopa ili kutuma, alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akafungua mkoba wake wa ngozi.

Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari yenye majina na, kando ya kila jina, kiasi cha fedha. Siku ghorofa lilipoanguka, baada ya Alasiri, watu wa msikiti wa kijijini walichangishana shilingi 240,000 ili baba aje kututafuta na, ikibidi, asafirishe maiti. Simu yetu ilipopatikana baada ya Isha, wachangaji walikubaliana asirudishiwe mtu fedha yake: baba na mama waitumie kama nauli, waje wauone uso wetu. Baba alikuwa amehesabu nauli ya kuja na ya kurudi. Zilibaki 76,000, na hizo alikuwa akizirudisha kwa wenyewe.

Tulitazama karatasi ile. Walikuwamo watu ambao hatukuwapigia simu tangu tuhame. Sisi tulikopa 200,000 ili tuonekane tunaweza, na huku wao walitoa elfu mbili mbili ili tupate kuzikwa.

Hapo ndipo baba alipouliza maswali aliyokuja nayo. Usiku ukizidiwa, nani ataugonga mlango huu? Nani ana namba yangu zaidi ya wewe? Na Mungu akikuchukua kabla yangu, nani hapa atakuosha?

Daftari la msikiti

Swali la kwanza tuliweza kulijibu, maana majirani zetu ni watu wema. La tatu pia, kwa kuwa msikiti una waoshaji na sanda haikosekani. La pili lilitushinda. Sisi ni katibu wa kamati, tunaandika majina ya waliochangia mabati na zulia, lakini hatukuwa na namba ya nyumbani ya muumini hata mmoja. Kama Novemba 16 mmoja wa vijana wa safu ya nyuma angekuwa chini ya kifusi, tusingejua tumpigie nani. Wapo tunaowaita kwa jina la biashara yao tu: “wa mikanda”, “wa viatu”.

Jioni ile baba alikaa na imamu wetu na wajumbe baada ya Maghrib. Alieleza wanavyofanya kijijini, kwa lugha ya kawaida, bila kumlaumu mtu. Ijumaa iliyofuata tulifungua daftari. Kila anayeswali kwetu anayependa huandika jina lake kamili, nyumba anayopanga, jirani anayemwamini, na namba mbili za simu za nyumbani kwao. Linakaa kwa imamu, na halifunguliwi ila kwa dharura. Kwa namna fulani tumerudia walichofanya wageni wa zamani wa mji huu, wale ambao baba aliuliza walizikana vipi. Tunazishauri kamati nyingine, hasa za misikiti ya Kariakoo, Gerezani, Buguruni na Manzese, zilifikirie jambo hili. Gharama yake ni bei ya daftari.

Tuliyojifunza kwa walio na wageni njiani

Kwanza, waelezeni wazazi ukweli wa maisha yenu kabla hawajapanda gari. Katika Sura Al-Israa, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu ametukataza hata kuwaguna wazazi, akatuamuru tuwainamishie bawa la unyenyekevu. Kuwaficha hali zetu tulikuona kuwa ni heshima. Tumejifunza kuwa kulikuwa ni kujilinda sisi wenyewe. Matumizi ya mzazi mhitaji ni wajibu kwa mtoto mwenye uwezo, lakini aliye katika deni azungumze na wazazi wake wakubaliane. Baba alitupangia tutume 20,000 mpaka kodi iishe.

Pili, jambo moja la matembezi kwa siku latosha, tena asubuhi, na mchana iwe mapumziko. Mwenye dawa za presha au sukari asizisahau kwa ajili ya safari. Mpeni mzee kikaratasi chenye namba zenu za simu na jina la mtaa, akiweke mfukoni mwa kanzu, na msimpandishe bodaboda kwa haraka zenu.

Tatu, wapeni kazi. Mama alifurahi kuchambua mchele na wapangaji wenzetu kuliko kuketi Makumbusho. Wapelekeni kwa majirani, dukani mnakokopa sukari, na kwenye safu mnayoswalia.

Nne, wakumbusheni hukumu ya sala. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huswali sala kamili tangu anapofika. Aliyenuia chini ya hapo anaweza kufupisha sala za rakaa nne, isipokuwa anapoongozwa na imamu mwenyeji, ambapo humfuata kwa sala kamili. Mama alikuwa akifupisha kwa siku mbili kabla hatujamuuliza nia yake. Kosa hilo lilikuwa letu, sisi tuliosoma.

Siku mbili zilizobaki hatukwenda Coco wala Kinondoni. Gari tulilirudisha mapema, na mwenyewe akaturudishia sehemu ya fedha. Baba alishinda barazani na wazee wa mtaa, mama alishinda uani, na watoto wetu kwa mara ya kwanza walisikia kisa cha namna babu yao alivyokuja Dar es Salaam mwaka 1979 akapotea kwa siku nzima.

Stesheni, baba alitukabidhi ile karatasi ya majina. Alisema fedha iliyobaki itawafikia wenyewe, ila majina tubaki nayo, ili tujue wa kumpigia simu. Tumeanza kuwapigia, wawili kila Ijumaa.

Ee Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na utujaalie tuwaone kabla hawajaja kututafuta. Amin.

Wabillahi tawfiq.